Eleanor Powell: mchezaji aliyepiga ngoma kwa miguu katika filamu za muziki za Hollywood

Mleta uzi

Wanajamvi, habari za jioni.

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika juu ya Eleanor Powell, mcheza dansi wa Marekani ambaye kuanzia mwaka 1935 hadi 1943 alikuwa miongoni mwa nguzo za filamu za muziki za kampuni ya MGM. Leo hii, nje ya kundi dogo la wapenzi wa sinema za kale, hutajwa tu kuwa ni yule mwanamke aliyewahi kucheza na Fred Astaire, mcheza dansi mashuhuri wa filamu za enzi ile, na mimi naona huko ni kumpunja. Hoja yangu ni moja: Powell alikuwa mpiga ngoma ambaye chombo chake kilikuwa sakafu, na anayemtazama bila kumsikiliza anakosa zaidi ya nusu ya kazi yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumerahisishiwa kulielewa jambo hili, kwa kuwa neno letu ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli yenyewe inayokusanya watu. Dansi ya tapu inalihitaji neno la namna hiyo. Mchezaji huvaa viatu vyenye vibati viwili chini ya soli, kimoja penye ncha na kingine penye kisigino, na kila anapogusa sakafu hutoa mlio. Aliyewahi kuona njuga zikifungwa miguuni, au msewe wa Pemba, yuko karibu na picha yenyewe, isipokuwa njuga hulia mguu unapotikisika, ilhali kibati hulia pale tu mchezaji anapokigonga, na kosa likitokea halina pa kujificha.

Asili yake pia ni habari ya ngoma. Mwaka 1739 Waafrika waliokuwa watumwani katika koloni la South Carolina waliasi karibu na mto Stono, na mwaka uliofuata watawala wakatunga sheria iliyowakataza kuwa na ngoma, kwa hofu kwamba zingetumika kuitana. Mdundo uliozuiwa penye ngozi na mti ulipata nafasi viganjani, mapajani na miguuni. Baadaye, katika miji ya kaskazini, ulikutana na michezo ya miguu ya wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza, na katika miaka ya 1840 kijana mweusi William Henry Lane, aliyejulikana kwa jina la Master Juba, aliwashangaza watu wa mtaa wa Five Points huko New York kwa mchanganyiko huo. Nimeyatanguliza haya kwa sababu Powell alikuwa mwanamke mzungu, na alichokirithi hakikuanzia kwake.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1912 mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Baba aliondoka mtoto akiwa bado mchanga, akalelewa na mama yake, Blanche. Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi mno, na mama akampeleka kujifunza dansi ili azoee watu. Alichofundishwa kilikuwa baleti na sarakasi, wala si tapu. Akiwa na umri wa miaka 11 alionekana na Gus Edwards, mtayarishaji wa maonyesho aliyekuwa na jicho la kuvumbua vipaji vya watoto, alipokuwa akifanya sarakasi zake ufukweni Atlantic City, na Edwards akampa nafasi katika maonyesho ya hotelini.

Aliposhuka New York akiwa bado kijana, alikuta kila mlango wa Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho, unauliza swali lile lile: unajua tapu? Hakuijua, na tena hakuipenda, kwa sababu mtu wa baleti amefundishwa kuikimbia sakafu, na mtu wa tapu hana maisha mbali nayo. Akaenda kwa Jack Donahue, mchezaji mashuhuri wa wakati ule, kuchukua masomo 10. Somo la kwanza lilimvunja moyo kiasi cha kutaka kuacha. Donahue aliona tatizo liko wapi: mwanafunzi huyu kila akianza huinuka, kama anayetaka kuruka. Alimfunga mkanda wa kijeshi kiunoni, akautundikia mfuko wa mchanga kila upande, ili uzito umvute chini. Kabla masomo 10 hayajaisha, kitu kilifunguka ndani yake, na hakuhitaji mwalimu mwingine wa tapu tena.

Ile mifuko ya mchanga, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya mtindo wake wote. Mtazame kwa makini katika filamu yoyote: kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu wa baleti, mgongo unapinda nyuma hadi nywele zinakaribia sakafu, mikono imetulia, mizunguko inafuatana kwa kasi bila kuyumba, kuanzia magotini kwenda chini ni mpiga ngoma asiyeinua mguu zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu kila inchi ya kuinua ni muda unaopotea kabla ya pigo linalofuata.

Broadway ilimpokea mwaka 1929 katika Follow Thru, na baada ya maonyesho mengine kadhaa Hollywood ikamwita. Filamu iliyompandisha ilikuwa Broadway Melody of 1936, iliyotoka mwaka 1935. Humo utamsikia akiimba kwa sauti nzuri sana, lakini sauti ile si yake, ni ya mwimbaji Marjorie Lane, ambaye MGM ilimtumia tena katika Born to Dance ya mwaka 1936, ambamo Powell aliigiza na James Stewart. Miguu, kinyume chake, hakuna aliyeweza kumwazima.

Nieleze kidogo kazi hii ilivyofanyika. Wakati huo muziki ulirekodiwa kwanza, kisha mchezaji akacheza mbele ya kamera huku muziki huo ukipigwa kwa spika. Milio ya viatu iliyotokea hapo haikufaa kutumika. Kwa hiyo, baada ya picha kukamilika, mchezaji aliingia studio ya sauti, akavaa vipokea sauti masikioni, akaitazama miguu yake mwenyewe kwenye skrini, na kuigonga upya kila alama kwa wakati wake kamili. Maana yake ni kwamba kila mchezo wa Powell unaousikia aliucheza mara mbili, mara moja kwa macho yetu na mara ya pili kwa masikio yetu. Michezo yake ya tapu alizoea kuibuni mwenyewe, kwa hiyo alikuwa mtunzi wa mdundo, mchezaji wake na mpigaji wake.

Mwaka 1937, katika Rosalie, MGM ilitengeneza ngoma kubwa za kila kimo na kuzipanga kama ngazi, na Powell akazishuka akicheza, ngoma baada ya ngoma, akizunguka juu ya kila moja, mbele ya umati wa wachezaji. Sidhani kama mbunifu wa jukwaa lile alijua neno la Kiswahili hata moja, lakini alichokijenga ni tafsiri ya neno letu.

Nitaendelea, lakini naomba michango kwanza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, asante kwa maandishi haya yaliyotulia. Mimi nimemwona mama huyu katika kipande kimoja tu, kile anachocheza na Astaire wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Nina maswali mawili. Mbona katika filamu nyingi anacheza peke yake, wakati wanawake wengine wa enzi ile walikuwa na mwenza? Na je, ni kweli kwamba Astaire alikuwa na wasiwasi wa kucheza naye?

Mleta uzi

Ndugu yangu, maswali yako yanaelekea mahali pamoja.

Filamu za muziki za miaka ya 1930 zilizoea kusimulia mapenzi kwa dansi ya wawili: mwanamume anamwomba, mwanamke anakataa, muziki unawaunganisha, na mwisho wa wimbo wamependana. Astaire na Ginger Rogers waliifikisha namna hiyo kileleni. Powell hakufaa kwa mpango huo, na ninasema hivyo nikimsifu. Katika hadithi yenyewe alipendana na James Stewart, Robert Taylor au Nelson Eddy, ambao hawakuwa watu wa kushindana naye kwa miguu, na wakati wa dansi ulipofika waliwekwa kando. Nyuma yake zilipangwa safu za wanaume waliovaa sare, mara nyingine makumi kwa makumi, na kazi yao ilikuwa kumpa nafasi. Kwa mwanamke wa mwaka 1936, kusimama katikati ya jukwaa bila mwanamume wa kumshika kiuno wala kumzungusha, na bado kuwa ndiye sababu ya watu kununua tiketi, lilikuwa jambo la nadra sana.

Kuhusu Astaire, alikuwa ameachana na kampuni ya RKO, na MGM ikamleta kwa Powell katika Broadway Melody of 1940, chini ya mwongozaji Norman Taurog, kwa nyimbo za Cole Porter. Wote wawili walikuwa wanyenyekevu na wakamilifu kupita kiasi. Walianza mazoezi wakiitana Bwana Astaire na Bi Powell, kila mmoja akichelea kumwelekeza mwenzake, na kilichowayeyusha ni mdundo: mmoja alipigapiga hatua, mwingine akaijibu, na mazungumzo yakaanza. Neno wasiwasi sitalitumia kwa uhakika, lakini katika kitabu cha maisha yake Astaire aliandika kwamba mwanamke huyu aligonga sakafu kwa nguvu kama mwanamume na kwamba alikuwa katika daraja la peke yake. Kwa mtu aliyekuwa makini na sifa zake, maneno hayo ni mazito.

Filamu ilipangwa kupigwa kwa rangi, lakini vita vilivyoanza Ulaya viliathiri mapato ya nje, ikapigwa kwa nyeusi na nyeupe. Hasara hiyo iligeuka kuwa faida. Sakafu ilikuwa nyeusi inayong'aa kama maji ya usiku, nyuma kukiwa na vioo virefu, na mchezo wa Begin the Beguine ukawa kama unachezwa angani. Sehemu ninayowaomba muisikilize ni ile ya mwisho, ya haraka. Kuna mahali okestra inanyamaza kabisa. Hakuna ala inayolia ila viatu vinne, vikiulizana na kujibizana, na kwa sekunde chache hizo hakuna mwanamume anayeongoza wala mwanamke anayefuata. Dansi ya wawili ya kawaida ya enzi ile ilikuwa na kiongozi. Hii ilikuwa na wapigaji wawili wa ngoma moja.

Baada ya hapo hawakucheza tena pamoja katika filamu yoyote.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, nimefurahia sana, nami nimewahi kuzitazama filamu hizi moja baada ya nyingine. Lakini naona umepita kando ya jambo moja, na kwa kuwa wewe mwenyewe umeanza na sheria ya mwaka 1740, sidhani ni haki kuliacha. Katika Honolulu, ya mwaka 1939, Powell anapanda ngazi akimwigiza Bill Robinson, na amejipaka uso rangi nyeusi. Isitoshe, mwaka 1935 MGM hiyo hiyo ilimsainisha Jeni LeGon, binti mweusi wa Chicago aliyekuwa hodari wa tapu, kisha ikamwacha. Tukimwita Powell malkia, tuseme pia ni nani aliyezuiwa kukikalia kiti.

Mleta uzi

Dada yangu, umesema kweli na ninakushukuru. Nilikuwa nimepanga kulifikia, lakini bora limetoka kwako.

Tuanze na Robinson, ambaye watu walimwita Bojangles. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878, na mchezo wake mkuu ulikuwa wa ngazi: kila kidato alikipa mlio wake, kana kwamba ngazi ni ala. Powell alimfahamu tangu siku za New York, walicheza pamoja katika karamu za matajiri, na Robinson alimfundisha mchezo huo wa ngazi, jambo ambalo mzee yule hakuligawa ovyo. Kwa hiyo nia ya Powell katika Honolulu ilikuwa kumheshimu mwalimu wake. Naikubali nia hiyo, lakini siwezi kukitetea kitendo. Kujipaka uso kulitoka katika maonyesho yaliyojengwa kwa kuwadhihaki watu weusi, na kulikuwa na njia iliyo rahisi na yenye heshima zaidi: Robinson mwenyewe alikuwa hai, alikuwa akifanya kazi Hollywood, na mwaka 1935 alikuwa ameshapanda ngazi mbele ya kamera akiwa na mtoto Shirley Temple. Kumpandisha mtu mweusi ngazini pamoja na mwanamke mzungu mtu mzima, kwa usawa, ndilo jambo ambalo kampuni za filamu za wakati ule hazikuthubutu. Mtoto alikubalika, mwanamke hakukubalika.

Habari ya Jeni LeGon inauma zaidi. Alizaliwa mwaka 1916, na mwaka 1935 alicheza na Robinson katika Hooray for Love ya RKO, akiwa amevaa suruali na kurukaruka kama mwanamume, tofauti kabisa na warembo waliotakiwa kupendeza tu. MGM ikampa mkataba wa muda mrefu, jambo ambalo mwanamke mweusi hakuwa amelizoea katika kampuni kubwa, na akatazamiwa kuwamo katika Broadway Melody of 1936. Mkataba ukavunjwa. Baadaye alieleza kwamba kampuni haikutaka wacheza tapu wawili wa kike wanaocheza peke yao, na tunajua ni yupi aliyebaki. LeGon aliendelea na kazi, lakini katika filamu nyingi aliishia kupewa nafasi za mtumishi wa nyumbani. Katika Easter Parade ya mwaka 1948 ndivyo alivyo, katika filamu iliyojaa dansi ambayo hakupewa kuicheza. Alifariki mwaka 2012 huko Vancouver.

Sioni kwamba haya yanaondoa ustadi wa Powell, kwa kuwa hakuna aliyempa midundo ile kwa upendeleo. Lakini kamera, sakafu ya kioo, ngoma za Rosalie na safu za wanaume nyuma yake alivipata mahali ambapo wenzake weusi walizuiwa mlangoni, na kila ninapomtazama najaribu kukumbuka yote mawili.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, na uzi huu umenifanya nitafute vipande vyake leo mchana. Naomba kujua kwa nini aliacha mapema, maana naona filamu zake zinaisha akiwa na miaka thelathini na kidogo. Ni ndoa ndiyo iliyomwondoa? Na ningependa kujua nianze na kipi, nikitaka kujifunza kusikiliza kama mlivyosema.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu.

Ndoa ilikuwamo, lakini haikuwa peke yake. Mwaka 1941 alikuwa bado kileleni. Katika Lady Be Good kuna mchezo wa Fascinating Rhythm uliosimamiwa na Busby Berkeley, mwongozaji wa michezo ya dansi, ambapo Powell anacheza akipita kati ya mapazia na piano kubwa zinazojitokeza moja baada ya nyingine kana kwamba hazina mwisho. Filamu ya kumbukumbu ya MGM ya mwaka 1994 ilionyesha upande wa nyuma wa kamera: vibarua wanasukuma piano na kuvuta mapazia kwa haraka, huku yeye akiendelea kutabasamu na kugonga bila kukosea. Usione vyaelea, vimeundwa. Katika filamu hiyo hiyo anacheza na mbwa mdogo, na mbwa yule alimfundisha mwenyewe.

Ship Ahoy, ya mwaka 1942, ndiyo inayoithibitisha hoja yangu kuliko zote. Katika kisa, Powell anahitaji kuwatahadharisha maofisa wa serikali walioketi ukumbini bila maadui kujua, na anafanya hivyo kwa kugonga ujumbe wa alama za Morse kwa viatu vyake katikati ya dansi. Miguu inasema, tena inasema maneno. Katika filamu hiyo pia anacheza na bendi ya Tommy Dorsey, na anashindana na mpiga ngoma wa bendi, Buddy Rich, mmoja wa wapiga ngoma wenye kasi kubwa kuliko wote wa jazi. Utawaona wakirushiana mdundo kama watu wa kazi moja, na ndivyo walivyokuwa.

Baada ya hapo mambo yakapungua. Katika I Dood It, ya mwaka 1943, MGM ilirudia vipande vilivyopigwa zamani, ukiwamo mchezo wa kufungia wa Born to Dance, badala ya kugharimia vipya. Kampuni inapoanza kukuuza kwa picha zako za miaka saba iliyopita, unajua upepo umegeuka. Mwaka huo huo aliondoka MGM, na mwezi Oktoba akaolewa na mwigizaji Glenn Ford. Mtoto wao wa kiume alizaliwa mwaka 1945. Alionekana katika filamu moja mwaka 1944 na kwa muda mfupi katika nyingine mwaka 1950, akageukia nyumba yake, na kati ya mwaka 1953 na 1955 akaendesha kipindi cha televisheni cha mafundisho ya dini kwa watoto, Faith of Our Children, kilichopata tuzo za Emmy.

Ndoa ilivunjika mwaka 1959. Na hapa ndipo ninapompenda zaidi kama binadamu. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 48, baada ya zaidi ya miaka kumi bila kazi ya jukwaa, aliurudisha mwili wake katika mazoezi na kupanda jukwaa huko Las Vegas, kisha New York. Watu walimjia kwa wingi. Alifanya hivyo kwa miaka michache, akavivua viatu kwa hiari yake.

Mwaka 1974 MGM ilipotoa filamu ya kumbukumbu ya michezo ya kale ya kampuni hiyo, kizazi ambacho hakikumjua Powell kiliiona Begin the Beguine kwa mara ya kwanza kwenye skrini kubwa, na jina lake likafufuka. Mwaka 1981 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipomtunuku Astaire, Powell alipanda kuzungumza, na ukumbi uliojaa wasanii ukasimama kumshangilia. Alikuwa tayari mgonjwa. Alifariki kwa saratani tarehe 11 Februari 1982, akiwa na umri wa miaka 69.

Kuhusu pa kuanzia, mwanangu, anza na ule mchezo wa Ship Ahoy na Buddy Rich, kwa kuwa hapo utaona ngoma na mguu vikiwekwa pamoja. Kisha nenda kwenye Begin the Beguine, uitazame mara moja tu. Mara ya pili geuza uso, usiitazame skrini, na ukifika pale okestra inaponyamaza jaribu kutambua ni viatu vya nani vinavyolia. Mimi nimejaribu mara nyingi, na bado kuna mahali nashindwa kuwatofautisha. Ukiweza wewe, rudi hapa utueleze ni kwa alama gani.